Ukungu wa hewani kwenye vyumba vya nyaraka na makumbusho Dodoma: mwongozo kamili wa kupima na kudhibiti

Watu wengi wa Dodoma wanaamini ukungu, yaani kuvu inayoota juu ya vitu, ni shida ya Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Kwetu ni nchi kame: mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakwisha Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 tu. Imani hiyo ndiyo inayoharibu majalada, rejesta za ubatizo, picha na ngoma zetu. Kiangazi hakiui ukungu, kinausambaza. Kuanzia Mei upepo unapuliza vumbi la mashamba yaliyovunwa, na ndani ya vumbi hilo zimo spora, yaani mbegu za ukungu. Zinaingia dirishani, zinatua juu ya mafaili, zinajificha kwenye mikunjo ya ngozi, zinakaa kimya miezi sita. Mvua ikianza kugonga bati na hewa ikapata unyevu, zinaota zote kwa pamoja. Mhifadhi anayesubiri hadi Februari aone madoa ya kijani ndipo aanze kazi amechelewa. Kazi yenyewe hufanywa Agosti, Septemba na Oktoba, wakati kila kitu kinaonekana salama.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa chumba chenye vitu vya zamani: masjala ya halmashauri, maktaba ya chuo, kabati la rejesta katika parokia za Mvumi au Mpwapwa, makumbusho ndogo ya vifaa vya Kigogo, au familia ya wapiga zeze yenye vyombo vya babu. Hauhusu michoro ya miambani ya Kolo na maeneo mengine ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ile iko kwenye hewa ya wazi na ina kanuni zake. Ukiona doa jipya kule usifute, usinyunyizie kitu. Piga picha, kisha toa taarifa kwa wahifadhi wa malikale.

Unachopambana nacho

Spora nyingi zina upana wa mikroni 2 hadi 10. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi, kwa hiyo huwezi kuziona zikielea, na za aina za ukungu ziitwazo Aspergillus na Penicillium ni nyepesi kiasi cha kubaki hewani kwa saa nyingi baada ya mtu kufagia. Hakuna jengo lisilo na spora hata moja, na dawa inayoahidi kuziua zote hewani usiipe pesa yako. Dakika chache baada ya kufungua mlango zimerudi.

Kinachoamua kama spora itaota ni maji. Karatasi, ngozi, mbao na vibuyu hunywa unyevu wa hewa vilivyomo. Unyevu wa hewa ukibaki chini ya asilimia 60, karibu hakuna kinachoota. Kati ya 65 na 70, aina chache zinazostahimili ukame huanza polepole. Ukipita 75 kwa siku kadhaa, karibu ukungu wote wa majumbani unaota. Joto la Dodoma halitusaidii hapa, kwa sababu nyuzi 20 hadi 30 ndizo ambazo ukungu unazipenda.

Aina moja tunaifahamu kwa uchungu. Aspergillus flavus ndiyo inayotoa sumukuvu kwenye mahindi na karanga, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Huyo huyo anaishi kwenye udongo wa mashamba yetu, anapanda na vumbi, na anaingia kwenye vyumba vya nyaraka. Chumba kilichopakana na ghala la mazao, mashine ya kusaga au sehemu ya kupukuchulia mahindi kinapokea mzigo mkubwa wa spora kuliko kingine chochote. Nimeona masjala zinazohifadhi magunia ya karanga za wafanyakazi kwenye kona ya chumba cha mafaili. Yatolewe leo.

Hatua ya kwanza: lizunguke jengo kabla ya kugusa kifaa chochote

Anza nje, juu kwenda chini. Angalia misumari ya bati, mahali bati linapokutana na ukuta, mifereji ya paa iliyojaa majani, na ardhi inayoelekeza maji ukutani. Majengo ya zamani ya Wajerumani na Waingereza, na baadhi ya majengo ya misheni, yalijengwa bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi, hivyo maji ya ardhini hupanda ukutani. Ukiona rangi inabanduka na chumvi nyeupe inatokeza kwa urefu wa goti au kiuno, ndiyo hiyo. Kupaka rangi ya mafuta juu yake kunafungia maji ndani tu.

Ingia ndani na tochi. Mulika kwa pembeni, mwanga ukilala juu ya kitu, wala usimulike uso kwa uso, kwa sababu ukungu mchanga unaonekana tu kwa kivuli chake. Angalia nyuma ya makabati yaliyobanwa ukutani, chini ya rafu ya mwisho, na juu ya dari chini ya mabomba. Kitabu kifungue kwenye ungio la jalada na kurasa, upande wa mgongo, maana gundi ya wanga na gundi ya wanyama iliyomo humo ni chakula cha kwanza. Ngoma ya muheme igeuze. Ukungu hauanzi katikati ya ngozi pale mikono inapopiga, unaanza ukingoni, ngozi inapokunjwa juu ya mbao na hewa haipiti. Marimba, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, uichungulie kupitia tundu la sauti. Zeze, angalia ndani ya kibuyu.

Na nusa. Harufu ya uvundo chumba kinapofunguliwa asubuhi ni taarifa ya kweli, hata kama macho hayajaona kitu.

Hatua ya pili: pima unyevu, na kipime kipimo chenyewe

Nunua kipimaunyevu cha kidijitali chenye kukumbuka kiwango cha juu na cha chini. Vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kabla ya kukiamini kifanyie jaribio la chumvi. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki lisilopitisha hewa. Baada ya saa 12 kipimo kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 69, andika kwenye kipande cha plasta mgongoni mwake: ongeza 6.

Kiweke usawa wa rafu, mbali na dirisha na kiyoyozi. Kingine kiweke nyuma ya kabati linalogusa ukuta wa nje. Tofauti kati ya hivyo viwili mara nyingi inashangaza, na ukungu unaota kule nyuma, siyo katikati ya chumba. Soma mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, uandike kwenye daftari moja lisiloondoka chumbani.

Hatua ya tatu: kamata hewa kwenye sahani

Maabara kubwa hutumia pampu inayovuta lita kadhaa za hewa kwa dakika na kuipiga juu ya sahani ya chakula cha ukungu. Ukipata ya kuazima, itumie. Usipoipata, njia ya kuacha spora zidondoke zenyewe inatosha kwa kazi yetu, mradi uifanye kwa namna ile ile kila mara. Ungana na maabara ya chuo au ya hospitali. Wao wana mtambo wa mvuke wa kutakasia vifaa na mtu anayejua kushika sahani bila kuichafua.

Chakula cha kawaida ni agari ya viazi, jeli ya kuoteshea ukungu. Kwa lita moja:

- viazi mviringo gramu 200, vilivyomenywa, vikakatwa na kuchemshwa hadi vilainike. Tumia supu yake iliyochujwa
- sukari ya glukosi gramu 20
- unga wa agari gramu 15 hadi 20
- dawa ya kloramfenikoli miligramu 100, ya kuzuia bakteria wasijaze sahani
- maji yaliyosafishwa, hadi ifike lita moja

Itakaswe kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15, kisha imiminwe kwenye sahani za petri za milimita 90 na kuachwa igande. Andaa pia sahani kadhaa za agari iitwayo DG18, yenye gliseroli asilimia 18. Kwa Dodoma naiona ya lazima. Ukungu unaopenda ukavu, kama Aspergillus penicillioides, ndio unaoshambulia migongo ya vitabu kwenye vyumba visivyo na maji dhahiri, na kwenye agari ya viazi hauoti kabisa. Ukitumia chakula kimoja tu utatangaza chumba ni safi huku ukungu ukitafuna rafu.

Siku ya kupima usifagie, usifungue madirisha tangu jana yake, na kama kuna kiyoyozi kiache katika hali yake ya kila siku. Weka sahani mita 1 kutoka sakafuni na mita 1 kutoka ukutani, ifunue, toka nje, rudi baada ya saa 1 uifunike. Weka angalau sahani mbili za kila chakula kwa kila chumba. Weka nyingine nje, upande upepo unapotoka, lakini kwa dakika 15 tu, la sivyo vumbi letu litaijaza isihesabike. Sahani moja isifunuliwe kabisa: ikiota kitu, sahani zako zilikuwa chafu kabla hujaanza na zoezi zima lirudiwe.

Andika chini ya kila sahani, siyo kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana: chumba, tarehe, saa, joto, unyevu, watu waliokuwemo. Zifunge kwa utepe, zigeuze kichwa chini, uziweke kwenye nyuzi 25. Za viazi zihesabu siku ya 5 na ya 7. Za DG18 zisubiri hadi siku ya 14. Usizifungue kuzinusa wala kupiga picha. Ukimaliza zirudi kwenye mtambo wa mvuke ndipo zitupwe.

Hatua ya nne: soma matokeo kwa akili, siyo kwa hofu

Kila kidoa kilichoota ni koloni moja. Idadi ya koloni unaigeuza kuwa makadirio ya koloni kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa kanuni ya Omeliansky: zidisha koloni kwa 50,000, kisha gawanya kwa eneo la sahani mara dakika ilizokaa wazi. Sahani ya milimita 90 ina sentimita za mraba 63.6.

Tuseme chumba cha rejesta kilitoa koloni 12 kwa dakika 60. 12 mara 50,000 ni 600,000. Gawanya kwa 3,816, unapata 157. Nje zilikuwa koloni 9 kwa dakika 15, ambazo ni 472. Ndani ni kama theluthi ya nje, na chumba hiki kinapumua vizuri. Chumba cha pili kilitoa koloni 40 kwa dakika 60, yaani 524. Ndani kumezidi nje. Spora hizo za ziada hazikutoka barabarani, zinazalishwa humo humo chumbani, na kazi yako sasa ni kutafuta zinakotoka.

Hakuna namba moja ambayo dunia nzima imekubaliana kwamba ndiyo mpaka wa usalama, na anayekuuzia namba hiyo ana jambo lake. Linganisha ndani na nje, mwaka huu na mwaka jana, chumba na chumba. Kisha angalia aina. Koloni za kijani iliyoiva karibu na nyeusi, laini mfano wa kitambaa cha mahameli, mara nyingi ni Cladosporium, mgeni wa kawaida kutoka nje. Kijani ya bluu yenye ukingo mweupe ni Penicillium. Njano ya kijani inaelekea kuwa A. flavus, na vitone vyeusi juu ya utando mweupe ni A. niger. Chumba kinachotawaliwa na Penicillium au Aspergillus wakati nje wametawala Cladosporium kina chanzo ndani. Mtaalamu akikuambia ameona Chaetomium au Stachybotrys, hata koloni chache, usibishane naye: hao wanahitaji karatasi au mbao iliyolowa kwa muda mrefu, kwa hiyo kuna mahali panavuja hujapaona.

Pima mara tatu kwa mwaka: Septemba kwenye vumbi, Januari mvua ikikolea, na Aprili ikielekea kukoma. Kipimo cha siku moja peke yake hakisemi mengi.

Hatua ya tano: vumbi, hewa na kiyoyozi

Fagio la chelewa lisiingie kwenye chumba cha nyaraka. Linarusha juu kila kilichotua tangu Mei. Kumwaga maji sakafuni ili vumbi litulie nako ni kubaya, kwa sababu maji yale yote yanaishia hewani. Piga deki kwa tambara lililokamuliwa likakaribia kukauka, na rafu zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukianza juu. Ukiweza kupata mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la HEPA, yaani chujio laini linalonasa hata spora, ni ununuzi bora kuliko kiyoyozi. Mashine ya kawaida isiyo na chujio hilo inafyonza vumbi na kutema spora kwa nyuma.

Rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, na makabati yaachane na ukuta wa nje kwa sentimita 10 angalau. Mafaili yasibanwe mpaka yasitoke. Ndani ya maboksi tumia karatasi na kadibodi, usifunge kitu kwenye mfuko wa plastiki kwa hifadhi ya muda mrefu.

Kufungua madirisha kunategemea saa na msimu. Kiangazi, alasiri, hewa ya nje ni kavu: fungua, ukiwa umeweka wavu mwembamba wa kukamata vumbi, na funga upepo ukizidi. Wakati wa mvua hewa ya usiku na alfajiri imebeba maji mengi, kwa hiyo madirisha yafungwe, na feni izungushe hewa iliyomo. Wakati huo huo usikaushe kupita kiasi. Chini ya asilimia 40 ngozi za ngoma hukakamaa na kupasuka, mbao za marimba nazo huachana. Lenga 45 hadi 55, na kama unyevu utapanda na kushuka na misimu, ufanye hivyo polepole.

Kiyoyozi ndicho kinachohitaji fikra zaidi, hasa tangu ofisi nyingi za serikali zihamie hapa na kila chumba kufungwa kimoja. Chukua hewa ya Februari yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 45, salama kabisa. Ikiingia mlangoni ikakutana na rafu ya chuma iliyopozwa hadi nyuzi 20, unyevu wake pale kwenye rafu unapanda hadi kama asilimia 82, bila tone moja la mvua kuingia. Chumba kinachopozwa saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kisha kiyoyozi kikazimwa na watu wakaenda nyumbani, kinayumba hivyo kila siku. Kwa nyaraka ni afadhali chumba chenye feni na nyuzi 27 zisizobadilika kuliko nyuzi 20 za mchana tu. Kama lazima kiwepo, kiwekwe nyuzi 25 au 26 usiku na mchana, vichujio vioshwe kila mwezi, na bomba la maji yake lizibuliwe, kwa sababu ndani ya kiyoyozi kuna giza, maji na vumbi.

Hata wakubwa wameumia hapa. Pango la Lascaux kule Ufaransa, lenye michoro ya maelfu ya miaka, lilifungwa kwa wageni mwaka 1963 kwa sababu pumzi na taa zao zilikuwa zinaliharibu. Mwaka 2001, muda mfupi baada ya kusimikwa mtambo mpya wa hewa, ukungu mweupe wa Fusarium solani ulilipuka ndani yake. Kila mtambo mpya wa hewa uanze na vipimo vya kabla na baada.

Hatua ya sita: ukungu ukishaota

Kwanza watu. Mwenye pumu, mwenye kinga ndogo ya mwili, au aliyewahi kuugua kifua kikuu asifanye kazi hii. Matundu yaliyoachwa na TB kwenye mapafu ni makazi yanayojulikana ya Aspergillus. Wengine wavae barakoa ya N95 (ya kitambaa haizuii spora), glavu, na koti linalobaki chumbani.

Tenga vilivyoathirika kwenye chumba kingine, ukivibeba ndani ya mifuko iliyofungwa, na huko vifunguliwe vikauke. Gusa kwa ncha ya brashi laini. Ukungu hai unapakaa na kunata kidogo, usiuguse tena hadi ukauke. Uliolala ni unga unaopeperuka, na huo ndio unaosafishwa: brashi inasukuma kuelekea mdomo wa mashine yenye HEPA, kurasa moja moja, kutoka mgongo kwenda nje. Rafu tupu za chuma zifutwe kwa ethanoli ya asilimia 70. Kali zaidi ya hapo haifanyi kazi vizuri, maana maji kidogo yanahitajika ili iingie ndani ya seli. Mbali na moto, madirisha wazi. Usiipake kwenye karatasi yenye wino, wala usitumie spiriti iliyotiwa rangi.

Usianike juani. Najua ndivyo tulivyozoea kila kitu kuanzia mtama hadi magodoro, lakini jua la Dodoma hufifisha wino, hukunja majalada na kupasua ngozi, na spora nyingi hubaki hai. Kivuli chenye upepo kinatosha. Klorini isiguse karatasi, ngozi wala kitambaa cha zamani. Ngozi za wanyama na vielelezo vya zamani vya makumbusho huenda vilipakwa sumu ya aseniki au DDT miongo iliyopita, kwa hiyo glavu hazivuliwi.

Majalada ya serikali yaliyoharibika hayachomwi kwa uamuzi wa ofisi. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 inataka idhini. Yatenge, yaorodheshe, uiandikie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Maji yakiingia ghafla

Bati likiezuliwa au bomba likipasuka, una saa 48 hivi kabla karatasi iliyolowa haijaanza kuota. Zima umeme, ondoa maji, toa vitu vilivyolowa kwanza kabla ya vilivyokauka. Vitabu visimamishwe wima, kurasa zikiwa zimeachana kidogo kama feni, feni za umeme zikipuliza chumbani bila kuvielekea moja kwa moja. Picha zilizogandana zisibanduliwe kwa nguvu. Vikiwa vingi kuliko mikono iliyopo, fungia vinavyozidi kwenye mifuko ya plastiki na uviweke kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi haiui ukungu, inausimamisha, na inakupa wiki au miezi ya kuvikausha kidogo kidogo. Picha za vioo na ngoma haziingii friza. Tafuta sasa, kabla ya Desemba, jirani mwenye friza kubwa, mwuza samaki au bucha, mkubaliane, na namba yake ya simu uibandike nyuma ya mlango wa chumba pamoja na ya fundi bomba na ya fundi umeme.